Mjadala: Tamthilia za mapenzi ya miungu za China, mbona binadamu wa kawaida hayumo tena?

Kiti cha Mbele (mleta mada)

Wadau wa tamthilia za Kichina, hasa zile za miungu wanaoruka angani na mapanga, ambazo wenyewe huziita xianxia, naomba tuvutane kidogo.

Lawama tuliyoizoea ni kwamba tamthilia hizi zimeharibu hadithi za kale: zimempaka mbweha poda, zimemgeuza joka kuwa kijana mtanashati. Hiyo siiungi mkono. Mbweha wa mikia tisa wa mlima Qingqiu anatajwa katika Shanhaijing, kitabu cha milima na bahari chenye umri wa zaidi ya miaka 2000, na humo analia kama mtoto mchanga na anakula watu. Enzi ya Han wakamchonga makaburini karibu na Mama Malkia wa Magharibi, mungu wa kike wa kale, akawa dalili ya heri. Karne ya 16, riwaya ya Fengshen Yanyi ikampa sura ya Daji, mwanamke aliyeuangusha ufalme wa Shang. Kisha akaja Pu Songling (1640–1715), akamwingiza usiku kwenye chumba cha msomi fukara, na mara nyingi mbweha huyo ana utu kuwazidi majirani. Kwa hiyo Bai Qian wa Eternal Love (2017), malkia wa Qingqiu anayependa pombe ya maua ya pichi, ni mbweha mmoja zaidi katika ukoo mrefu. Hakuna kilichoharibika hapo.

Kilichobadilika ni kingine, nami sioni watu wakikisema. Binadamu wa kawaida ameondolewa.

Kumbukeni mapenzi ya kale yalivyokuwa. Zhinü, mfumaji wa mbinguni, anaolewa na Niulang, mchunga ng'ombe yatima. Wanatenganishwa na mto wa nyota na wanaonana usiku mmoja tu kwa mwaka, siku ya 7 ya mwezi wa 7. Dong Yong anajiuza utumwani apate fedha za kumzika baba yake, na binti wa mbinguni anashuka kumfumia vitambaa vya kulipia deni. Nyoka Mweupe, aliyejigeuza mwanamke, anampenda mfanyakazi wa duka la dawa, Hangzhou. Upande mmoja mwenye uwezo wote, upande wa pili mtu asiye na kitu.

Sasa njooni kwenye tamthilia zetu za leo. Eternal Love: malkia Bai Qian na Ye Hua, mwana mfalme wa mbingu tisa. Yule Susu tunayeambiwa ni binadamu ni Bai Qian huyohuyo aliyefungiwa nguvu na kumbukumbu. Ashes of Love (2018): Jinmi anajijua kuwa kijipepo cha zabibu, kumbe ni binti wa mungu wa maua na mungu wa maji, na Xufeng ni mtoto wa mfalme wa mbinguni. Love Between Fairy and Devil (2022): kisichana cha okidi kinachotunza vitabu vya majaaliwa, hakina cheo, kinaonewa na kila mtu. Kumbe ni mungu wa Xishan. Kila mnyonge, episodi zikisogea mbele, anakutwa na damu ya kifalme.

Nauliza: hii si dharau kwa mtazamaji? Nawasilisha.

Mjomba wa Rimoti

Mkuu, mimi stelingi akiwa na nywele ndefu na adui akiwa na macho mekundu nimeridhika. Endeleeni, nawasoma.

Bint Kisauni

Ndugu yangu Kiti cha Mbele, umeandika vizuri, ila umemsifu mwizi.

Huyo Niulang wako alimpataje mke? Katika simulizi inayojulikana zaidi, ng'ombe wake alimwambia aende mtoni wanakooga mabinti wa mbinguni, afiche nguo za mmoja wao. Asiye na nguo zake hawezi kurudi kwao. Akabaki, akazaa watoto wawili, akaendelea kufuma, sasa chini ya paa la mwanamume. Mpaka leo vijana wa China hupeana maua siku hiyo ya 7 ya mwezi wa 7.

Na yule wa duka la dawa ndiye simtaki kabisa. Katika maandishi ya Feng Menglong ya mwaka 1624 (huko jina lake ni Xu Xuan), mume mwenyewe anachukua bakuli la mtawa Fahai na kumkandamizia mkewe kichwani mpaka anasinyaa na kurudi kuwa nyoka. Kisha anazunguka kuomba sadaka za kujengea mnara juu yake, halafu anakuwa mtawa. Ilibidi watu wa jukwaani waje wamtetee mwanamke yule. Katika tamthilia ya Fang Chengpei ya 1771 mtoto wake anafaulu mitihani ya kifalme, na mama anapata kutoka chini ya mnara.

Hizo zilikuwa ndoto za wanaume maskini: mke mzuri, mwenye nguvu za ajabu, anakuja bila mahari na anafanya kazi za nyumbani. Siwalaumu, maskini naye ana haki ya kuota. Lakini riwaya zilizozaa tamthilia ulizozitaja zimeandikwa na wanawake: Tang Qi, Dian Xian, Jiulu Feixiang. Mtandao wa Jinjiang, ambako fasihi ya namna hii imekulia tangu 2003, ni uwanja wa wanawake, waandishi kwa wasomaji. Kalamu ilipowafikia, mtu wa kwanza kumfuta ni mwizi wa nguo. Bai Qian alisomea vita mlimani Kunlun akiwa amevaa kiume. Utamwoza mchunga ng'ombe wakae waongee nini?

Kasuku Mweusi

Dada hapo umemfunga bao la mapema.

Mzee Karafuu

Wanangu, nawasikiliza. Mnasema kana kwamba miungu wawili kupendana ni jambo la juzi. Someni Hongloumeng, riwaya kuu ya karne ya 18. Kabla ya hadithi yenyewe kuanza, kuna mmea ukingoni mwa mto wa mbinguni, kando ya Jiwe la Maisha Matatu. Mhudumu mmoja wa mbinguni anaunywesha umande mtamu mpaka unapata umbo la mwanamke. Mhudumu anapotaka kushuka duniani, mmea unaapa kushuka naye ili umlipe umande wake kwa machozi ya maisha mazima. Ndio Baoyu na Daiyu hao, wapendanao wa riwaya hiyo. Maisha matatu, deni la mapenzi, kushuka duniani kwa ajili ya kujaribiwa, yote yapo. Eternal Love imebeba maisha matatu hayo hata kwenye jina lake la Kichina.

Na kuhusu mbingu kuwa kama wizara yenye vyeo, fitina na kupandishwa madaraja, hilo nalo ni la zamani. Safari ya Magharibi, ambayo chapa yake ya kale zaidi tuliyonayo ni ya 1592, inamwonyesha Sun Wukong, yule nyani mwenye nguvu za ajabu, akiitwa mbinguni na kupewa kazi ya kutunza farasi. Alipogundua kwamba cheo hicho hakimo hata kwenye orodha ya vyeo, alipindua meza akaondoka. Wachina walikwisha kuicheka mbingu yao kabla televisheni haijazaliwa.

Kiti cha Mbele

Mzee wangu, shikamoo. Umenisaidia bila kukusudia.

Mmea wa Hongloumeng unaposhuka unakuwa mtu kweli. Daiyu ni yatima anayeishi nyumba ya watu, anakohoa, anahesabu maneno kabla ya kuyasema kwa kuwa hana pa kwenda. Anakufa, na harudi. Ukoo mzima unafilisiwa. Mbingu katika kitabu kile ni kurasa chache tu, dunia ndiyo kitabu.

Tamthilia zetu zimegeuza uwiano. Kushuka duniani kumekuwa likizo ya episodi kadhaa: mungu anazaliwa binadamu, anapenda, anakufa, anaamka kitandani kwake mbinguni na kumbukumbu kidogo za kumsumbua. Wala kifo chenyewe hakiwashiki. Mo Yuan, mwalimu wa Bai Qian, anarudi baada ya miaka 70,000. Ye Hua anakufa akiifunga Kengele ya Mfalme wa Mashariki, tunalia, kisha anarudi. Xufeng anachomwa kisu na Jinmi siku ya harusi na bado anarudi.

Dada Bint Kisauni, hoja ya mwizi wa nguo naipokea. Lakini kumwondoa mwizi si lazima kuwaondoa maskini wote duniani. Wangeweza kugeuza: msichana maskini abaki maskini, na mungu ndiye ajifunze kupika. Kwa nini lazima mwishowe awe mungu wa Xishan?

Nyota ya Jaha

Samahani kwa kuingilia. Mimi ninachokiona ni majini na ushirikina, na watoto wanaangalia. Ile tamthilia ya Doudou na mama wakwe zake, TBC walipoileta kwa Kiswahili 2011, kila mtu nyumbani aliielewa: mke, mume, mama mkwe mkorofi. Hizi za sasa mtoto ananiuliza roho inakaa taa gani.

Mzee Karafuu

Mama, hofu yako ina wenzake wakubwa. Mwaka 1928 kampuni ya Mingxing ya Shanghai ilitoa filamu ya kuchomwa kwa Hekalu la Lotasi Nyekundu, watu wanapaa na kurushiana mapanga yenye mwanga. Ilipendwa hata ikaendelea sehemu kwa sehemu. Serikali ya wakati ule, Nanjing, ikapiga marufuku filamu za aina hiyo 1931 ikisema zinaeneza ushirikina. Hamu haikufa. Mwaka 1932 tu, gazetini, zikaanza hadithi za wapiganaji wa milima ya Shu, na nusu ya unayoyaona leo, mapanga yanayopandwa kama farasi na wenye kujinoa milimani wapate kutokufa, yalipitia humo.

Taa ya roho mwambie ni mchezo. Akiuliza zaidi, mwambie Ge Hong, msomi wa Dao wa karne ya 4, aliandika kwa dhati kabisa namna ya kupika vidonge vya kutokufa, na wako wafalme waliokufa kwa kumeza vidonge vya namna hiyo. Ataacha kuvitamani.

Kasuku Mweusi

Mmepita mbali, mimi naona jibu liko kwenye michezo ya kompyuta. Fuateni mnyororo huu.

Mwaka 1995, Taiwan, unatoka mchezo wa kompyuta uitwao Xianjian. Mwaka 2005 unafanywa tamthilia, Hu Ge na Liu Yifei. Stelingi Li Xiaoyao ni kijana anayesaidia kwenye nyumba ya wageni ya shangazi yake, basi. Hana asili ya kimungu. Msichana anayempenda ndiye mzao wa Nüwa, mungu wa kike aliyewaumba watu. Huyo, mleta mada, ni mtu wako kabisa.

Mwaka 2009 inakuja tamthilia ya mchezo wa tatu wa Xianjian. Stelingi Jing Tian anafanya kazi duka la rehani, mjanja wa mjini. Lakini sasa tunaambiwa yeye ni jemadari wa mbinguni Feipeng aliyezaliwa upya. Unaona? Mguu mmoja dukani, mmoja mbinguni. Mwaka 2015, The Journey of Flower, yatima wa kijijini Hua Qiangu anaonekana kuwa mungu wa mwisho. Kufika 2017 duka limefungwa kabisa.

Sababu kwangu ni hesabu. Mchezo una madaraja, unapanda kutoka moja hadi la juu, na riwaya za mtandaoni zimerithi ngazi hizohizo. Mtu asiyepanda hana hadithi. Ongezeni na mwongozo wa serikali ya China wa mwaka 2020 wa kutaka tamthilia zisizidi episodi 40. Eternal Love ilikuwa na 58, Love Between Fairy and Devil ikabanwa ndani ya 36. Ukibanwa, unakata nini? Unakata jirani, mwenye duka, shangazi.

Bint Kisauni

Kasuku, hoja nzuri, ila shangazi alikwisha kutoweka kabla ya 2020. Umesema mwenyewe.

Mimi naongeza la kwetu pwani. Mwaka 1414 twiga alifikishwa kwa mfalme Yongle wa China kutoka Bengal, na 1415 akaja mwingine kutoka Malindi. Maofisa wakasema huyu ni qilin, mnyama mtakatifu anayejitokeza pale tu mtawala mwema anapotawala. Wakaandika sifa, wakachora picha. Twiga wa watu, anakula majani yake, amefanywa shahada ya uadilifu wa mfalme! Kwa hiyo visasili vya China havikuwa mali ya wachunga ng'ombe peke yao. Ikulu nayo ilikuwa ikivitengeneza kwa faida yake. Kiti cha Mbele anachagua hadithi za kijijini, kisha anailaumu televisheni kwa kufuata za ikulu.

Kiti cha Mbele

Nachagua, ndiyo. Kati ya qilin wa kumsifu mfalme na Dong Yong anayemzika baba yake, kwa nini nisichague? Na watengenezaji nao wamechagua. Ndicho ninachouliza, kwa nini wamechagua ikulu.

Mjomba wa Rimoti

Nimerudi. Mimi sijasoma hivyo vitabu, lakini Eternal Love nimeimaliza na nimeirudia. Episodi ninazorudia si za vita wala za harusi. Ni zile za Susu akiwa mbinguni bila nguvu, hana ndugu, hakuna anayemwamini. Wanamsingizia kwamba kamsukuma Sujin, hasimu wake wa mapenzi, wanamtoa macho, na anayemtoa ni Ye Hua mwenyewe, baba wa mtoto aliyemo tumboni. Anajifungua akiwa kipofu, kisha anajirusha kutoka Jukwaa la Zhuxian. Nikiangalia pale sikumbuki kwamba ni malkia wa Qingqiu. Bai Qian akiamka, kwa kweli, machozi yangu yanakauka, maana najua hakuna wa kumgusa tena.

Bint Kisauni

Mjomba, kwa hiyo uko upande wa mleta mada?

Mjomba wa Rimoti

Niko upande wa Susu. Ye Hua angeweza kukataa.

Bint Kisauni

Asingeweza, babu yake angemuua Susu siku ileile. Rudia episodi, sikiliza adhabu aliyokuwa ameandaliwa.

Mjomba wa Rimoti

Nimezisikiliza mara nyingi. Angemrudisha mlimani kwake siku ya kwanza alipofika, kabla ya hayo yote. Tubishane hapo.