Naomba ushauri: mtoto hatulii mezani tangu tuache kiti chake kirefu

Habari zenu wazazi wenzangu, naomba mawazo yenu.

Mwanangu ana mwaka 1 na miezi 10. Wiki tatu zilizopita niligeuka kuchukua kijiko tu, kurudi nakuta amesimama juu ya kile kimeza cha kiti chake kirefu, mikono hewani kama anataka kuruka. Nilihisi miguu kuisha nguvu. Siku hiyohiyo kiti kikaenda stoo, tukaanza kula naye mezani.

Sasa kazi imehamia huko. Kwenye kiti cha kawaida meza inamfika kidevuni na miguu inaning'inia. Nimemwekea mto, unateleza. Nimempakata, anakula sahani yangu na mimi sili. Baba yake alimwekea boksi la kukanyagia, na kweli siku hiyo alitulia kama dakika kumi hivi, ila boksi lenyewe likabonyea. Siku nyingine ni vijiko viwili, anashuka, anazunguka nyumba huku anatafuna, nami nyuma na bakuli. Hilo la kutembea na chakula mdomoni ndilo linanitisha zaidi, asije akapaliwa.

Mliopitia haya, mtoto mlimwinua kwa kitu gani kisichoteleza, na miguu ikapata pa kukanyaga? Na akishuka, niondoe chakula hadi mlo unaofuata au nimrudishe mezani? Bibi yake anasema nikiondoa nitamlaza njaa. Mimi sijui nimsikilize nani.