Naomba ushauri: simu inanisaidia kusoma Neno lakini inanivurugia maombi

Bwana asifiwe wapendwa. Tangu nipakue YouVersion, programu ya Biblia ya kwenye simu, nasoma Neno kila alfajiri. Zaburi 119, yenye mistari 176, nimeisikiliza yote huku nafua, jambo lililokuwa likinishinda kwa kitabu. Kulinganisha tafsiri mbili za mstari mmoja nako kumenifungua macho kweli.

Shida ni maombi. Napiga magoti, simu iko kitandani mbele yangu, mara ujumbe unaingia, kioo kinawaka, na moyo umeshaondoka. Nikiizima, orodha ya watu ninaowaombea imo humohumo.

Mnaoomba na simu mkononi, mnafanyaje? Orodha niihamishie kwenye daftari, au ninyamazishe ujumbe tu saa hiyo? Nisaidieni, naumia kumwacha Mungu katikati ya sentensi.