Within Our Gates (1920): kwa nini kisa kizito kimewekwa mwishoni?

Muulizaji
Ndugu wanajukwaa, nimetazama filamu bubu ya Oscar Micheaux, Within Our Gates, iliyo kongwe zaidi kati ya filamu ndefu zilizosalia za waongozaji Weusi wa Marekani. Kwa muda mrefu tunamfuata Sylvia Landry, mwalimu anayekwenda Boston kutafuta fedha za kuiokoa shule ya watoto Weusi huko Kusini. Kisha, filamu ikikaribia kwisha, mbinu rejeshi, yaani kurudi nyuma kwenye matukio ya zamani, inatupeleka ghafla kwenye mauaji ya wazazi waliomlea. Je, mpangilio huo ni wa makusudi, au nakala ilikatwakatwa? Mwisho wake pia naona umeharakishwa mno.

Mchangiaji wa kwanza
Ndugu muulizaji, mimi naamini ni makusudi. Katika filamu The Birth of a Nation ya mwaka 1915, mwongozaji mzungu D. W. Griffith alimchora mwanamume Mweusi kuwa tishio kwa mwanamke mzungu, na Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, kuwa waokozi wanaofika mbio juu ya farasi. Micheaux anatumia mbinu ileile ya kurukaruka kati ya matukio mawili ya wakati mmoja, lakini anaipindua: huku umati wa wazungu ukiwaua mzee Landry na mkewe, wale waliomlea Sylvia, kwa kosa ambalo hawakulitenda, mzungu Armand Gridlestone anamvamia Sylvia nyumbani, na anasita tu anapoona kovu kifuani pake na kutambua kwamba huyo ni binti yake wa damu. Hakuna mwokozi anayekuja. Mtazame pia Efrem, mtumishi aliyemchongea Landry akitumaini kupendwa na wazungu. Kabla akina Landry hawajapatikana, umati ulichoka kuwasubiri na kumnyonga yeye.

Mchangiaji wa pili
Nakubaliana na mwenzangu, ila suala la nakala tusilipuuze. Wakaguzi wa filamu wa Chicago waliikataa mwanzoni, wakihofia kwamba ingewasha upya ghasia za Julai 1919 kati ya wazungu na Weusi zilizoua watu 38 jijini humo, na hata baada ya kuruhusiwa Januari 1920 iliendelea kukatwa mahali mahali. Baadaye ikadhaniwa imepotea kabisa, mpaka nakala yenye maandishi ya Kihispania ilipopatikana Madrid. Maktaba ya Bunge la Marekani ikaikarabati mwaka 1993. Ndiyo maana kuna kipande cha katikati kisichokuwepo, ambacho tunaelezwa kwa maandishi tu. Muziki unaousikia nao umeongezwa baadaye, kwa hiyo nakushauri uzime sauti unapofika kwenye sehemu ya umati, kwa kuwa baadhi ya matoleo yanakulazimisha kuhuzunika kabla picha zenyewe hazijasema.

Mchangiaji wa tatu
Kuhusu mwisho, hata mimi naona ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Daktari Vivian, anayempenda Sylvia, anamhutubia juu ya uzalendo, akitaja askari Weusi waliopigana Cuba, Meksiko na Ufaransa, na papo hapo wanaonekana wameoana. Hata hivyo, watazamaji wa mwaka 1920 walikuwa wamewapokea vijana wao kutoka vitani Ufaransa, kisha wakaona mitaa yao ikishambuliwa. Kwao hotuba hiyo huenda ilisikika kama madai kwa nchi yao. Kwangu mimi, onyesho lenye nguvu zaidi ni la mhubiri Old Ned, anayewachekesha wazungu wakimpiga teke, kisha akifunga mlango nyuma yake uso wake unabadilika, na anajilaani kwa kuwauza watu wake.