Kushuti drama tulivu Kolkata kwa bajeti ndogo: vibali na sauti

mdau_upanga: Wakuu, tuko watano kutoka Dar. Filamu ya dakika 80: mama na binti yake, vyumba viwili, maneno machache. Wiki tatu, Novemba. Kamera moja, taa mbili, maiki moja ndefu. Vibali vinaanzia wapi? Na zile honi za magari mtaani?

kibali_kwanza: Msiende na viza ya utalii. Maombi yanapitia India Cine Hub, ofisi ya serikali ya India ya vibali vya filamu, zamani Film Facilitation Office, na viza mnayohitaji ni ya filamu. Andaeni skripti kamili, ratiba ya kila siku na eneo lake, nakala za pasipoti, na orodha ya vifaa yenye namba za siriali. Orodha hiyo mtaihitaji forodhani kuingia, na tena mkirudi Dar. Kituo cha treni kina kibali chake cha reli. Kama tukio linaweza kubebwa na sauti ya treni dirishani, futeni kituo.

sikio_la_kariakoo: Mkuu, maiki ndefu iacheni kwa matukio ya nje. Kwenye chumba kidogo chenye sakafu ya saruji, mwangwi wa kuta unaiingia kwa pembeni na mazungumzo yanasikika kama ya bafuni. Tafuteni fupi ya haipakadioidi, yaani inayosikia zaidi mbele yake, ikae sentimita 50 juu ya kichwa, na mablanketi mazito sakafuni nje ya fremu. Rekodini 48 kHz, biti 24, kilele cha maneno kwenye -12 dB kwenye mita ya rekoda.

Feni ya dari izimwe kila teki na iwashwe katikati, waigizaji wapumue. Friji nayo izimwe. Funguo za gari ziwekwe humo ndani, hakuna atakayeondoka bila kuiwasha. Halafu, kila mkibadili chumba au saa, rekodini sekunde 60 za chumba kitupu, watu wote wametulia palepale. Drama ya kimya inaishi kwa hizo sekunde: mhariri akikata pumzi ya mwigizaji bila kuwa na cha kujazia, mtazamaji anasikia shimo.

Angalieni pia tarehe ya Kali Puja, sikukuu ya Kihindu ya mungu wa kike Kali. Huangukia Oktoba au Novemba, pamoja na Diwali, na fataki za usiku huo haziondoki kwenye uhariri.

fundi_umeme_ilala: Umeme ni kama wetu, volti 230, hezi 50, ila plagi zao ni pini za duara. Shata iwe sekunde 1/50 hata mkishuti fremu 24 kwa sekunde, yaani pembe ya shata ya digrii 172.8, la sivyo taa za mwenye nyumba zinaweza kupepesa kwenye picha. Betri za akiba zibebwe mkononi ndani ya ndege, chini ya Wh (wati-saa) 100 kila moja: 14.4 V mara 6.8 Ah ni 98, inapita.

mdau_upanga: Asanteni sana. Mwanga wa dirishani tuutegemee hadi saa ngapi?

fundi_umeme_ilala: Novemba jua la Kolkata linazama kabla kidogo ya saa 11 jioni. Ratiba ya Dar itawapotezea zaidi ya saa nzima. Matukio ya mchana yaanze saa 1 asubuhi.