Mrejesho: mizani inasomeka vizuri kwenye Linux, tatizo lilikuwa pariti

Wakuu, nimerudi. Kwa aliyepitwa: mizani ya kidijitali imeunganishwa kwa waya wa USB kwenye kompyuta ya Debian, na badala ya uzito ilikuwa inaleta namba zilizochanganyika na alama za ajabu.

Kasi ya 9600 (biti kwa sekunde) haikuwa na shida. Mliosema niangalie pariti (biti ya ziada ya kukagua makosa) ndio mliopatia, asanteni sana. Mizani inatuma biti 7 na pariti shufwa, wakati lango la kompyuta lilikuwa linasubiri biti 8 bila pariti, kwa hiyo biti ya pariti ikawa inasomwa kama sehemu ya herufi. Ndiyo maana 0, 3, 5, 6 na 9 zilitoka salama kila mara, huku 1, 2, 4, 7 na 8 zikiharibika: hizi za pili zina idadi witiri ya biti za moja kwenye msimbo wa ASCII (namba inayowakilisha kila herufi), kwa hiyo biti yao ya pariti inakuwa moja badala ya sifuri. Ukiona dalili hiyo, usihangaike kubadilisha waya.

Amri iliyomaliza kazi:

stty -F /dev/ttyUSB0 9600 raw -echo cs7 parenb -parodd -cstopb

Wa BSD (mifumo mingine ya jamii ya Unix), tumieni -f ndogo na tangulizeni raw, maana kwenu huko inarudisha cs8 (biti 8) na kuzima pariti. Na -echo msiiache, la sivyo kila kinachoingia kinarudishwa kwenye mizani.

Ukichomoa waya na kuuchomeka tena, mipangilio inapotea. Amri nimeiweka kwenye kanuni ya udev (sehemu ya Linux inayoshughulikia vifaa vinavyochomekwa), sasa inajiendesha yenyewe.