Skuta ya umeme yenye umbo la Vespa ya zamani: bati tupu litabeba?

Mkunja Bati (Kawempe)
Wakuu, habari za kazi. Mjomba ana Vespa ya miaka ya sitini, imelala stoo mjini Bombo, kaskazini mwa Kampala. Nilitaka kuitoa injini niweke mota, akakataa katakata. Ruhusa niliyopata ni ya kuipima kwa tepu na kuipiga picha tu. Basi naunda nyingine inayofanana nayo. Nina mashine ya kuchomelea, na Katwe, mtaa wa mafundi hapa Kampala, kuna mtu wangu wa kukunja bati. Nawazia bati la milimita 1.2, mota ya ndani ya ringi ya wati 1,500, betri ya volti 72 na ampea-saa 40. Je, bati litabeba lenyewe bila fremu, kama Vespa ya Waitaliano inavyobeba? Na vilima vya Kampala nitavipanda na mama watoto nyuma? Msiniambie ninunue boda ya umeme iliyo tayari. Nazijua, zinanipita kila siku.

Mzee Spana
Bwana, aliyeichora Vespa, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege. Kampuni ya Piaggio walipoitoa mwaka 1946, bati lilishindiliwa kwa presi na kufungwa kama boksi, na boksi hilo ndilo linalobeba. Nyundo ya Katwe haikupi mikunjo ile. Litanepa pale pa kuweka miguu, kisha maungio yapasuke kwenye shingo ya usukani, na hapo ndipo usipotaka yapasuke ukiwa barabarani. Fuata Lambretta, ile skuta nyingine ya Waitaliano: bomba nene toka shingoni hadi nyuma, mabati ni nguo tu. Lipitishe chini ya miguu, juu vika umbo la Vespa. Nani atachungulia? Ukishakuwa na bomba, hata faibaglasi inatosha. Na kwa mjomba nenda na kadibodi, ukate kufuata mgongo wa yale mashavu ya bati yaliyotuna pembeni kwa nyuma. Tepu haishiki duara.

Volti72
Mota hiyo itakuaibisha. Skuta na watu wawili ni kama kilo 250. Mlima wa asilimia 10 kwa kilomita 25 kwa saa unadai takriban wati 2,000 kwenye tairi, mfululizo. Mota ya ringi ikizunguka polepole mlimani inakula ampea na kuchemka. Halafu Vespa inashika tairi upande mmoja, wakati mota nyingi za ringi ekseli yake inataka kushikwa pande zote mbili. Tafuta ya wati 3,000, ifunge ndani ya bodi, izungushe tairi kwa mnyororo. Betri yako ni kama kilowati-saa 2.9; ukila wati-saa 40 kwa kilomita, unapata kilomita 70 hivi. Bombo na kurudi utafika, ila usipitie kwa shemeji. Fyuzi iwe jirani kabisa na betri, na taa uzipe kigeuzi cha kushusha volti 72 hadi 12.

Mkunja Bati (Kawempe)
Bomba nimekubali, nalifuata mtaa wa Kisenyi. Mnyororo nao sawa, ingawa nilitamani ukimya. Betri nitailaza chini ya miguu, pembeni mwa bomba, ili uzito usivute upande mmoja, maana Vespa ya mjomba injini iko kulia na huwa inavuta upande huo. Mjomba ameona mchoro, anauliza kiki ya kuwashia iko wapi! Itakuwa pambo, lakini lazima iwepo. Mwenye mkono wa kiki wa skuta chakavu aniandikie faraghani.