Naomba ushauri: Gibbon shuleni na umeme unaokatika
Habari zenu wakuu. Mimi ni mwalimu wa taaluma, sekondari ya kata yenye wanafunzi 640. Nimefunga Gibbon, programu ya bure ya usimamizi wa shule inayotumia lugha ya programu ya PHP na hifadhidata ya MySQL, kwenye kompyuta moja ya ofisini. Walimu wanaingia kwa simu kupitia Wi-Fi ya ndani, bila bando. Ila umeme ukikatika wakati wa kujaza alama, wanarudi kwenye madaftari, na sasa nusu yao wameacha kabisa. UPS (betri ya akiba ya kompyuta) niliyonunua haifiki dakika 10. Inaniuma, maana ripoti za wazazi zilishaanza kutoka kwa siku moja.

Je, Raspberry Pi (kompyuta ndogo inayotumia umeme kidogo) yenye betri itawamudu walimu 22 kwa pamoja? Na aliyewahi kuwarudisha walimu waliokata tamaa, alianzia wapi?